Mupango wa mashine: nani anaandika masharti?

Wandugu wachimbaji, siye wa Base ya Kamina tunajua mupango ni nini, ju treni imetufundisha. Kamina njo mahali reli inaachana: ingine inaenda Ilebo, ingine inaenda Kabalo mpaka Kalemie. Treni mbili zikikutana kwenye reli moja, lazima moja ingojee kwenye gare ili ingine ipite. Shefu wa gare anajiuliza mambo matatu: treni ziko wapi sasa, zinapaswa kufika wapi, na kitu gani kinaruhusiwa katikati. Akikosea, watu wanakufa.

Siku hizi ordinatere nayo inafanya kazi ya kupanga, na maswali yake ni yale yale matatu. Mwaka 1971, kule California, Richard Fikes na Nils Nilsson walitangaza programu yenye kuitwa STRIPS. Ilikuwa ya roboti Shakey, yenye kusukuma masanduku kutoka chumba mpaka chumba. Wao waliandika hali ya sasa, hali wanayotaka, na kila kitendo pamoja na sharti lake, kwa mfano: huwezi kupita mulango kama umefungwa. Kisha programu ilitafuta yenyewe ianze na nini, ifuatishe nini. Mwaka 1999, programu ya namna hii ilipanga kazi za chombo Deep Space 1 cha Marekani kwa siku kadhaa, mbali sana na dunia.

Lakini tusiende mbali. Kwenye mugodi wa zahabu wa Kibali, Haut-Uélé, kuko mashine za kuchota mawe zinazotembea chini ya ardhi bila dereva. Mutu moja anaketi juu, mbele ya skrini, na anachunga mashine kadhaa zinazotumia njia moja. Ni kama treni zetu. Faida yake tunaiona: jiwe likianguka, halimuangukie mutu. Lakini hesabu ingine pia tunaiona: kiti kimoja juu, mahali pa viti vingi chini. Mama mwenye kungojea mushara nyumbani ana haki ya kuuliza wale madereva wengine watafundishwa kazi gani.

Kwa wanganga pia kuko mupango wa namna ile. Ocean Road, Dar es Salaam, ni hospitali yenye kutibu kansere na miale. Katika matibabu kama yale, munganga anaandika kwanza: uvimbe upate miale kiasi hiki, uti wa mugongo usipite kiasi hiki. Ordinatere inatafuta miale ipite upande gani na kwa nguvu gani. Kisha munganga anauangalia ule mupango na kuukubali, njo mugonjwa analala chini ya mashine. Munganga hasemi: ordinatere imesema, basi.

Siye mugodini tulisikia hivyo. Nilifanya kazi kwenye kampuni moja, jina nitaliacha. Liste ya maposti ilikuwa inatoka kwenye ordinatere. Wiki moja, mwenzetu alitoka posti ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, na liste ikamurudisha saa nane muchana, siku ile ile. Tuliuliza kwenye biro. Jibu: « Njo vile mashine ilipanga. » Tukaomba kuona masharti. Mulikuwa tani, mulikuwa hesabu ya mashine, mulikuwa hesabu ya watu. Saa za kulala hakuna aliyeziandika. Ordinatere haikudanganya: ilitafuta njia ya kufikisha tani, ikaipata. Hakuna aliyeiambia kama mutu anachoka.

Tulikazana mpaka wakaongeza musitari moja tu, wa mapumziko. Tani za wiki ile zilipunguka kidogo, na shefu alilalamika. Lakini yule mwenzetu alilala.

Njo maana ninawaambia madelege: musiogope ordinatere, na musiiabudu. Sheria ya kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka saa 45 kwa wiki. Inasema tena kama patroni anapaswa kuuliza mawazo ya delegasio ya sendika juu ya saa za kazi. Programu ikipanga saa zetu, basi masharti yake nayo ni ya kuzungumuzwa mezani.

Kwenye mukutano unaofuata, ulizeni maswali matatu. Mashine imeambiwa ifikishe nini? Imekatazwa nini? Nani ameangalia mupango na kuweka jina lake chini, mbele ya mutu kuingia shimoni? Kama la tatu halina jibu, msitie saini.