Kamati ilitafuta meneja mmoja, ikapata wawili

Desemba 28, 1974, timu ya Nottingham Forest ya Uingereza ilifungwa mabao 2-0 ikiwa nyumbani. Waliowafunga ni Notts County, jirani zao wa mji huo huo. Siku chache baadaye kibarua cha meneja, Allan Brown, kikaota nyasi.

Forest ni klabu kongwe, ilianzishwa mwaka 1865, lakini wakati huo hali yake ilikuwa mbaya. Mwaka 1972 ilishuka kutoka Daraja la Kwanza, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa la juu kabisa nchini humo. Matt Gillies, aliyeshuka nayo, aliondoka Oktoba mwaka huo. Akaja Dave Mackay, ambaye kabla ya kutimiza mwaka alihamia Derby County, mji jirani. Sasa Brown naye alikuwa amekwenda.

Kwa nini ukurasa wa wakulima na wafanyabiashara uzungumzie mpira wa miaka hiyo? Kwa sababu Forest haikuwa kampuni. Wakati klabu nyingine za ligi ya Uingereza zilikuwa kampuni zenye wakurugenzi, Forest ilikuwa mali ya wanachama wake, wanaochagua kamati, na kamati ndiyo inayoajiri meneja. Iliendelea hivyo hadi mwaka 1982.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria mkutano wa chama cha msingi cha pamba au kahawa hahitaji kuelezwa zaidi. Kila mjumbe huwa na mtu wake mfukoni. Mwenye sauti kubwa husikilizwa, na anayetaka kuajiri mtu mkali huambiwa kwamba huyo atatusumbua.

Na ifahamike kwamba kwa Waingereza wa wakati huo meneja hakuwa mwalimu wa mazoezi tu. Ndiye aliyenunua wachezaji, akauza, akapanga nani acheze. Ukimkosea meneja, umekosea ununuzi, mauzo na uzalishaji kwa mpigo mmoja.

Mtu aliyetajwa kwenye kamati safari hii alikuwa Brian Clough, umri miaka 39, hana kazi.

Alikuwa na sifa na alikuwa na doa. Sifa yake ilikuwa Derby, ambako alianza kazi mwaka 1967 timu ikiwa Daraja la Pili, akaipandisha mwaka 1969 na kuipa ubingwa wa nchi mwaka 1972. Oktoba 1973 aligombana na wakubwa wa klabu akajiuzulu. Akaenda Brighton, timu ya Daraja la Tatu, ambako mambo hayakumnyookea.

Doa lenyewe lilikuwa Leeds United.

Siku 44 za Leeds

Leeds ndio waliokuwa mabingwa wa Uingereza mwaka 1974. Meneja wao, Don Revie, alichukuliwa kufundisha timu ya taifa, na uongozi ukampa Clough nafasi yake. Ukitazama vyeti tu, ulikuwa uamuzi mzuri. Klabu bingwa ilikuwa imemwajiri meneja aliyewahi kutwaa ubingwa.

Lakini kwa miaka mingi Clough alikuwa akiwasema Leeds hadharani kwamba wanacheza rafu. Wachezaji waliomsikia akiyasema hayo ndio aliokwenda kuwaongoza. Wamesimulia kwamba katika kikao cha kwanza aliwaambia watupe medali zao kwa sababu hawakuzipata kwa haki. Katika mechi sita za ligi alishinda moja, akatoka sare mbili na kufungwa tatu. Septemba 12, 1974, siku ya 44, wakamfukuza.

Jimmy Armfield, mtu mpole, ndiye aliyepewa mikoba. Kwa sehemu kubwa wachezaji walikuwa wale wale, na Mei 1975 Leeds ilicheza fainali ya Kombe la Ulaya mjini Paris, ikafungwa 2-0 na Bayern Munich. Timu haikuwa mbovu, na kama tutakavyoona, Clough naye hakuwa mbovu. Mkulima hawezi kulishangaa hilo. Mahindi ya nyanda za juu yakipandwa pwani hayafanyi vizuri, wala hakuna anayesema mbegu ni feki au shamba limelaaniwa.

Hapo ndipo ninapoipongeza kamati ya Forest. Ingeweza kuishia kwenye neno "amefukuzwa", kama wanavyofanya waajiri wengi wakisoma barua ya maombi. Yenyewe ilitazama kazi iliyopo: timu ya Daraja la Pili, haina fedha nyingi, haina mastaa wa kuudhika. Kazi hiyo ilifanana na ya Derby mwaka 1967, haikufanana na ya Leeds. Januari 6, 1975 Clough akaanza kazi. Siku mbili baadaye Forest ikaifunga Tottenham 1-0 ugenini katika Kombe la FA.

Anayedhani kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi amekosea. Clough aliikuta timu ikiwa nafasi ya 13, na msimu ulipomalizika ilikuwa ya 16. Yaani ilirudi nyuma! Msimu uliofuata ikamaliza ya nane. Miezi 18 ilikwisha bila kupanda daraja, na kamati ambayo haikuwa imemvumilia Brown ikamvumilia huyu.

Mtu wa pili

Kilichokuwa kinakosekana kilipatikana Julai 1976. Kule Derby Clough hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na msaidizi wake, Peter Taylor, kipa wa zamani waliyewahi kucheza pamoja Middlesbrough. Wakati Clough anakwenda Leeds, Taylor alibaki Brighton akawa meneja mwenyewe. Alipojiuzulu huko, Clough akamleta Forest.

Kwa ufupi, Taylor alijua kununua na Clough alijua kutumia kilichonunuliwa. Mmoja alizunguka viwanjani kutafuta mchezaji ambaye wengine wamemchoka, mwenzake akamtia adabu na kumwonyesha kazi moja anayoiweza. Sidhani kama kamati ilipokuwa ikitafuta meneja ilijua kwamba kazi ile ilikuwa ya watu wawili.

Tazama manunuzi yao. Beki Larry Lloyd, ambaye Coventry hawakumhitaji tena, alichukuliwa kwa pauni 60,000. Kenny Burns alikuwa mshambuliaji wa Birmingham mwenye sifa ya ukorofi. Walimnunua kwa pauni 150,000 mwaka 1977, wakamgeuza beki, na mwaka 1978 waandishi wa michezo wakamchagua mchezaji bora wa mwaka nchini Uingereza. Winga John Robertson hawakumnunua kabisa. Walimkuta klabuni, mnene na asiyejali, yumo katika orodha ya wa kuuzwa.

Biashara inayonifurahisha zaidi ni ya Garry Birtles. Kijana huyu alikuwa fundi wa kutandika mazulia, akichezea timu ndogo ya Long Eaton. Forest ilimchukua kwa pauni 2,000. Mwaka 1980 ilimuuza Manchester United kwa pauni milioni 1.25.

Penye haja ya kutoa fedha walitoa. Kwa kipa Peter Shilton walilipa kama robo milioni, watu wakashangaa fedha zote hizo kwa golikipa. Februari 1979 Trevor Francis akawa mchezaji wa kwanza wa Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni moja.

Forest ilipanda daraja mwaka 1977 ikiwa ya tatu, kwa tofauti ya pointi moja tu na Bolton. Mwaka uliofuata ikawa bingwa wa nchi. Mwaka 1979 ilitwaa Kombe la Ulaya mjini Munich kwa kuifunga Malmö 1-0, Robertson akipiga krosi na Francis akifunga kwa kichwa. Mwaka 1980 ikalitwaa tena mjini Madrid dhidi ya Hamburg, na bao pekee lilifungwa na Robertson, yule yule wa orodha ya kuuzwa.

Taylor alistaafu mwaka 1982, kisha akarudi kazini, na safari hii Derby. Mwaka 1983 akamchukua Robertson bila Clough kujua, na urafiki ukafia hapo. Taylor alifariki dunia Oktoba 1990 bila wawili hao kupatana.

Clough peke yake alitwaa Kombe la Ligi mwaka 1989 na 1990, lakini ubingwa wa nchi hakuupata tena. Mei 1993, baada ya miaka 18, aliondoka Forest ikiwa imeshuka daraja.

Safari hii uongozi haukwenda mbali kumtafuta mrithi. Ulimpa kazi Frank Clark, beki ambaye Clough alimchukua bure kutoka Newcastle mwaka 1975, wakati timu ikiwa haina kitu. Clark aliipandisha Forest mwaka 1994, na mwaka 1995 ikamaliza ya tatu Ligi Kuu.