Mjue Mbawakawa Anayealika, Umjue na Mtoto Wake

Mkulima, ukimpata mbawakawa mwembamba wa rangi ya kahawia, mlaze chali kiganjani. Atatulia kidogo, kisha utasikia "ta!" kama mtu anayealisha vidole, naye ataruka juu. Hakuruka kwa miguu. Chini ya kifua ana mwiba unaoingia katika kishimo. Ukifyatuka humrusha kama mtego.

Jamii yake ina aina zipatazo 10,000 duniani, na Kenya pia wamo. Mmoja ajulikanaye sana ni Agriotes lineatus, mwenye urefu wa milimita 8 hadi 10 na mistari mgongoni, mmoja mweusi na mmoja wa rangi hafifu. Kwao ni Ulaya, lakini amefika hata Kanada na New Zealand.

Mharibifu hasa ni mtoto wake. Ni funza wa manjano, mwembamba, mgumu kama waya, mwenye jozi tatu za miguu karibu na kichwa. Usimchanganye na yule funza mweupe mnene anayejikunja. Huyu wa waya hutoboa viazi vitundu vyembamba, hata mnunuzi akavikataa, na hukata miche ya mahindi chini ya udongo.

Mama hutaga mayai penye majani, na funza wa aina hii ya Ulaya huweza kukaa udongoni miaka minne au mitano. Kwa hiyo hatari ni kubwa pale malisho ya zamani yanapolimwa. Uingereza ilijifunza hayo vitani, baada ya mwaka 1939, ilipolima malisho mengi ili kupata chakula. Wewe uliye katika skimu, unayevunja malisho ili upande viazi, fikiri kwanza.

Fanya hivi. Kabla ya kupanda, fukia vipande vya viazi mahali mbalimbali shambani, kina cha kidole kimoja, na uweke kijiti juu ya kila kimoja. Baada ya siku chache vifukue. Ukiona funza wengi, viazi vingoje. Lima tena na tena ili ndege na jua viwapunguze, na upande kwanza maharagwe au njegere, ambazo huumia kidogo. Viazi vikikomaa, vichimbe mara moja.

Usitafute aldrini ya zamani. Ilikatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Ukiwa na shaka, tia funza katika chupa umpelekee Bwana Shamba. Kumtambua mapema ni rahisi kuliko kununua mbegu mara mbili.