Joto la Sultan Hamud ni somo la chuo kikuu

Barabara ya Mombasa ikipita Sultan Hamud hutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki, na maduka yamejipanga kuifuata. Jua halikuulizwa. Kuanzia Desemba hadi Machi, duka linalotazama kusini-magharibi hupigwa usoni tangu saa nane mchana hadi magharibi, na mwenyewe hana budi kutundika turubai mbele ya mlango ili mteja apate pa kusimama.

Mji huu ni mtoto wa reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi 1899, na kituo hiki kikapewa jina la Hamud bin Muhammad, aliyekuwa sultani wa Zanzibar wakati huo. Maslahi ya reli yalitangulia, ya wakazi yakafuata. Ndiyo maana ninaamini kijana wa hapa anayekwenda chuo kikuu kusomea majengo anabeba maswali mazito kuliko anavyodhani.

Akiwa amefaulu hisabati na fizikia katika mtihani wa KCSE, atakutana na njia panda mapema. Akichagua usanifu majengo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT kule Juja, ajiandae kwa takriban miaka sita ya kukesha na michoro na vielelezo vya kadibodi, kisha asajiliwe na bodi ya wasanifu na wakadiriaji majengo, BORAQS. Akichagua uhandisi wa ujenzi ni miaka mitano, na bodi yake ni ile ya wahandisi. Kuna nchi zenye shahada kamili inayounganisha pande hizo mbili, uhandisi wa usanifu majengo: jinsi jengo linavyopitisha hewa na mwanga, linavyostahimili uzito, linavyotumia maji na umeme. Kwetu maarifa hayo yamegawanywa, na kinachoanguka katikati ndicho eneo letu la Ukambani linachokihitaji zaidi.

Chukua darasa la kawaida la shule ya msingi huku. Kuta za matofali ya kuchoma, mabati juu, mara nyingi bila dari. Saa nane mchana bati limekuwa moto na linawamwagia watoto joto kutoka juu. Mvua ikinyesha, kelele zake humnyamazisha mwalimu. Dawa yake haihitaji mashine. Sultan Hamud iko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya paa na kuziumiza hasa kuta za mashariki na magharibi. Darasa likilazwa ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, paa likatokeza kivuli cha kutosha, dari ikawekwa, na matundu yakaachwa juu kabisa ili hewa moto itoke, watoto watasoma bila kusinzia.

Maji nayo ni hesabu ya mwaka wa kwanza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jengo la madarasa lenye paa la mita 8 kwa 25 ni mita za mraba 200. Mvua ya milimita 300 katika msimu mmoja huliletea lita 60,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 48,000. Sasa tazama tangi la plastiki la lita 10,000 lililosimama kando: hujaa baada ya milimita 60 hivi, na kinachofuata hutiririka kwenda korongoni. Haya hutokea katika eneo ambalo limetegemea bomba la Nolturesh kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Anayechora paa bila kuchora tangi hajamaliza ramani.

Kuna pia suala la mchanga. Zege la Nairobi limekula mito ya kaunti yetu ya Makueni, na mto ukishapoteza mchanga wake, maji yaliyokuwa yakihifadhiwa chini yake hupotea pia. Kaunti ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka wa 2015. Sheria pekee haitoshi ikiwa wahitimu wetu wanajua zege tu. Matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo hayachomwi kwa kuni, na yale ya kushikana hutumia chokaa kidogo sana ukutani. Yanastahili muhula mzima.

Mfano tunao. Msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso alikuwa bado mwanafunzi mjini Berlin alipojenga shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, iliyokamilika 2001. Alitumia udongo wa pale pale, akainua paa la bati juu ya dari ili upepo upite katikati. Mwaka wa 2022 akatunukiwa tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker. Hapa Kenya, chuo alichokisanifu cha Startup Lions kule Turkana, cha mwaka wa 2021, kina minara ya kutoa hewa moto iliyoigwa kutoka vichuguu vya mchwa. Vichuguu hivyo tunavyo tele Makueni.

Mwanafunzi anayerudi Kasikeu, karibu na hapa, likizoni anaweza kuanza na kipimajoto cha bei nafuu: akitundike darasani alikosomea, kingine chini ya mwembe, aandike daftarini vipimo vya saa nane kila siku hadi shule ifungwe. Kisha ampelekee mhadhiri wake daftari hilo, na nakala moja aipeleke kwa bodi ya shule kabla haijaidhinisha ramani ya darasa jipya.