Tangi la Maji ya Bahari: Namna ya Kulitengeneza na Kulitunza

Leo tutazungumza juu ya kufuga viumbe wa mwambani: samaki wadogo, konokono na matumbawe, ndani ya tangi la kioo. Kazi hii inamfaa mwalimu wa shule anayetaka wanafunzi waone bahari bila kupanda ngalawa, na inamfaa pia mtu wa nyumbani mwenye subira. Nasema subira kwa sababu kinachoua samaki wa tangi kuliko chochote ni haraka. Watu hujaza maji leo, kesho wakatia samaki, na wiki ya pili wanazika. Samaki huyo ametolewa baharini bure.

Tangi lenyewe

Chukua tangi la urefu wa sentimita 80, upana 40 na kina 40. Kioo kiwe cha milimita 8, na gundi iwe ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu. Iache ikauke wiki nzima, kisha jaza maji ya kawaida, uone kama panavuja. Ukiweka mchanga na mawe, maji yatakayobaki ni kama lita 100. Sasa piga hesabu: maji kilo 100, mawe kilo 15, mchanga kilo 14, na kioo chenyewe zaidi ya kilo 25. Jumla inapita kilo 150. Kwa hiyo meza ya chai haifai. Tengeneza meza ya mbao nene, iliyo sawa kila upande, mahali pasipopigwa na jua la mchana.

Usitumie bomba wala koki ya shaba. Shaba ikiyeyuka majini, hata kidogo sana, huua konokono, kamba na matumbawe.

Maji

Aliye karibu na pwani anaweza kuchota baharini. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mitaro na midomo ya mito. Baada ya mvua kubwa za masika ngoja kwanza, maana maji ya mto hupunguza chumvi na kuleta uchafu. Chuja kwa kitambaa safi.

Aliye mbali na bahari atumie chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya baharini, gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haifai: haina kalsiamu na magnesi za kutosha, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu. Maji ya bomba yana klorini, basi yatie kwanza dawa ya kuiondoa. Kipima chumvi kikionyesha kati ya 1.024 na 1.026, mambo ni sawa. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi.

Mawe na mchanga

Hapa nasisitiza, ndugu zangu: msivunje matumbawe hai baharini. Mwamba ndio nyumba na kitalu cha samaki tunaowala. Umeumizwa na joto la bahari mwaka 1998, tena mwaka 2016, tena mwaka 2024, tusiuongezee jeraha. Pwani yetu ina mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, yale yale wazee waliyojengea nyumba za mawe. Chagua yenye matundu mengi. Yasugue kwa brashi, yaloweke kwenye maji safi siku kadhaa, ukibadilisha maji. Yapange yashikane yasianguke, na maji yaweze kupita katikati. Chini mwaga mchanga wa matumbawe, kina cha sentimita 3.

Kwa nini matundu? Kwa sababu humo ndimo watakamokaa wafanyakazi wako wasioonekana, yaani bakteria. Mwaka 1961 mfugaji mmoja wa Jakarta, Indonesia, aitwaye Lee Chin Eng, alieleza jinsi alivyofuga samaki na matumbawe kwa kutumia mawe yenye uhai, mwanga na mapovu ya hewa, bila mitambo mikubwa. Mpaka leo mawe ndiyo moyo wa tangi.

Kungoja

Samaki akijisaidia, na chakula kikioza, hutoka amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Bakteria wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali sana. Bakteria hawa hawazaliwi kwa siku moja. Washa pampu ya kuzungusha maji, tupa kipande kidogo cha kamba kioze humo, na ungoje wiki 4 hadi 6, ukipima kwa dawa za kupimia. Amonia itapanda na kushuka, kisha nitriti itapanda na kushuka. Zote mbili zikifika sifuri na kubaki hapo, tangi limeiva.

Sasa anza na konokono wachache wa kula ukungu. Baada ya wiki 2 tia samaki mmoja au wawili wadogo, si zaidi. Matumbawe laini yafuate, yale yaliyokuzwa kwenye matangi, na uyapate kwa njia halali. Muulize Bwana Samaki wa wilaya yako kibali gani kinahitajika. Kangaja muache baharini, anahitaji nafasi kubwa ya kuogelea. Samaki kipepeo pia muache, maana wengi wao hula matumbawe.

Kiumbe akifika, elekeza mfuko wake juu ya maji ya tangi kwa robo saa ili joto lilingane, kisha mwongezee maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima.

Kazi za kila siku

Lisha kidogo, kiasi kinacholiwa kwa dakika 2. Washa taa saa 8 hadi 10 kwa siku. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi huishi mwani mdogo sana unaoyalisha kwa nguvu ya mwanga. Bila mwanga yatakufa njaa. Kila wiki toa lita 10 za maji, utie lita 10 za maji mapya ya chumvi yenye joto lile lile.

Jambo moja huwachanganya wengi. Maji yakipungua kwa jua na upepo, chumvi haiondoki. Tangi la lita 100 lina kilo 3 na nusu za chumvi. Zikikauka lita 10, chumvi ile ile imebaki ndani ya lita 90, karibu gramu 39 kwa lita. Basi upungufu huo jazia maji baridi, si maji ya chumvi. Piga alama kwenye kioo, ujazie mpaka hapo kila siku.

Mambo yakiharibika

Samaki wanahema juu ya maji: hewa ni kidogo au amonia imepanda. Ongeza mapovu, pima, badilisha robo ya maji, acha kulisha siku hiyo.

Maji meupe kama tui siku za mwanzo: ni bakteria wanaongezeka. Ngoja, yatasafika.

Vumbi la kahawia kwenye mchanga: ni kawaida kwa tangi changa. Hupungua lenyewe.

Majani ya kijani kama nywele: unalisha kupita kiasi, au maji hayabadilishwi. Yang'oe kwa mkono, punguza chakula.

Matumbawe yanajikunja au yanageuka meupe: pima joto na chumvi mara moja. Joto likipita nyuzi 29, elekeza chupa ya barafu iliyofungwa vizuri, na feni ipepee juu ya maji. Lishuke polepole.

Umeme umekatika: usilishe. Tumia pampu ndogo ya betri. Kama huna, chota maji kwa jagi na kuyamimina toka juu kila baada ya dakika chache.

Na waya za umeme zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Chomoa kabla ya kutia mkono majini.

La mwisho: ukichoka kufuga, usimwage viumbe wa nchi nyingine baharini. Samaki mmoja wa bahari zetu, mwenye miiba ya sumu, alionekana pwani ya Florida, Marekani, mwaka 1985. Leo ameenea hadi Karibiani na anawamaliza samaki wadogo wa huko. Mpe mfugaji mwenzako, au shule.