Mtoto Amtafutaye Dada Yake Gizani

Mtoto akitulia kimya na simu ya mama mkononi, wengi wetu hushukuru. Chakula kitaiva, nguo zitafuliwa, na hakuna anayelia. Lakini ni vema kujua anatazama nini humo. Safari hii tumeuangalia mchezo uitwao Limbo, ambao umewagawa watu tangu ulipotolewa Julai 2010.

Ulitengenezwa Copenhagen, Denmark, na kampuni ndogo ya Playdead, kutokana na wazo la Arnt Jensen. Mwanzoni ulichezwa kwenye mashine ya Xbox 360. Mwaka 2013 ukaingia katika simu za iPhone, na mwaka 2015 katika simu za Android, yaani zile zilizomo mikobani mwetu.

Hauna rangi. Ni weusi, weupe na kijivu, kama picha ya zamani iliyoingiwa na ukungu. Mtoto wa kiume anazinduka peke yake msituni. Hana jina, na usoni mwake huonekani ila macho mawili meupe. Hakuna anayesema neno. Muziki nao ni haba. Martin Stig Andersen, mtengenezaji wa sauti zake, ameacha tusikie zaidi upepo, maji, mitambo na nyayo za mtoto huyo. Kinachojulikana ni kwamba anamtafuta dada yake.

Njiani kuna mafumbo. Mtego wa chuma uliofichwa majanini unaweza kumkata, lakini mtego huohuo akiusukuma mahali panapofaa humnasa mguu buibui mkubwa anayemwinda. Baadaye funza anayeng'aa humwangukia kichwani na kumlazimisha kutembea upande mmoja tu, mpaka mwanga umgeuze. Asipofikiri sawasawa hufa: huzama, huchomwa, hukatwa na msumeno. Kisha hurudi hatua chache nyuma na kuanza tena. Mchezaji hujifunza kwa kumwona mtoto akifa, mara kumi, mara ishirini.

Hapo ndipo watu wanapoachana. Wanaousifu husema kila kifo kinaonyesha kosa lilipokuwa, na kwamba hofu yake hutokana na ukimya kuliko damu. Wengine huona ni ukatili usio na sababu. Wapo pia wanaolalamika kwamba humalizika kwa saa chache tu, tena bila kueleza chochote. Sisi tunakubali kwamba mafumbo yake ni ya akili na picha zake ni nzuri kwa namna yake. Hata hivyo, mama aliyemwogesha mtoto jioni hii hawezi kuutazama mguu mdogo ukinaswa mtegoni akaona ni mchezo tu.

Na jina lenyewe si geni kanisani. Limbo latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya pindo au ukingo. Wanatheolojia wa zamani wa Kanisa Katoliki walilitumia kueleza mahali pa watoto wachanga waliofariki bila ubatizo. Halikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilieleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao huokolewa. Mama aliyezika kichanga chake anajua kwa nini neno hilo huuma.

Kwa mtoto wa miaka sita au saba tunasema hapana. Umri huo ndoto na mambo ya mchana bado vinachanganyika, na atakayeamka usiku kumtuliza ni wewe, mama. Kwa kijana wa sekondari ni jambo jingine. Ucheze kwanza wewe mwenyewe nusu saa, sauti ikiwa wazi, kisha kaa naye anapocheza.

Akifika mwisho, muulize ameona nini. Mtoto yule hupasua kioo, huanguka, huzinduka tena msituni, halafu humwona msichana amepiga magoti chini ya mti. Anamkaribia. Msichana anashtuka na kuinuka, na mchezo unaishia hapohapo. Kisha hurudi picha ile ya ukurasa wa kwanza, mahali palepale pakiwa pamechakaa. Pale walipokuwa wawili wale pana makundi mawili ya nzi.