Kupima Hasara Kabla Haijatokea: Vihatarishi vya Mikopo na vya Soko katika Mtihani wa FRM

Benki hukopesha fedha ambazo sehemu kubwa yake ni amana za wateja, na hununua mali ambazo bei zake hupanda na kushuka. Kutokana na kazi hizo mbili huzaliwa kihatarishi cha mikopo, yaani uwezekano wa mkopaji kushindwa kurejesha deni, na kihatarishi cha soko, yaani uwezekano wa mali kupungua thamani kwa sababu riba, bei za hisa, bei za bidhaa au viwango vya kubadilisha fedha vimebadilika. Dhana hizi mbili ni nguzo za mtihani wa FRM, cheti cha meneja wa vihatarishi vya fedha kinachotolewa na GARP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa fani hiyo iliyoanzishwa mwaka 1996. Mtihani una sehemu mbili za saa nne kila moja, ya kwanza ikiwa na maswali 100 ya kuchagua jibu na ya pili ikiwa na maswali 80, na katika sehemu ya pili kihatarishi cha soko na kihatarishi cha mikopo kila kimoja huchukua takriban moja ya tano ya alama.

Kanuni za hesabu katika mada hizi ni nyingi, na mtahiniwa hushawishika kuzikariri zote kwa mpangilio wa kitabu. Hata hivyo kila kanuni ilibuniwa kujibu swali mahususi, na inapojibu swali hilo huacha swali jingine bila jibu. Anayeijua kanuni bila kujua mipaka yake ameshika nusu tu ya elimu aliyoitafuta.

Upande wa mikopo, kipimo cha msingi ni hasara inayotarajiwa, ambayo hupatikana kwa kuzidisha mambo matatu: uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa katika kipindi fulani, kiasi anachodaiwa wakati anaposhindwa, na sehemu ya deni hilo ambayo benki haitaipata tena hata baada ya kuuza dhamana. Kampuni ikikopa shilingi milioni 100, uwezekano wake wa kushindwa kulipa ndani ya mwaka ukiwa asilimia 2, na benki ikikadiria kwamba dhamana itarejesha asilimia 60 ya deni, basi hasara inayotarajiwa ni milioni 100 mara asilimia 2 mara asilimia 40, yaani shilingi 800,000. Kiasi hiki huhesabiwa kuwa gharama ya kawaida ya biashara ya kukopesha, na kwa hiyo benki hukiweka ndani ya riba inayomtoza mteja na katika akiba ya kufidia mikopo chechefu. Kanuni za kimataifa za uhasibu zilizoanza kutumika mwaka 2018 huzitaka benki kutenga akiba hiyo kwa kuangalia hasara zinazotarajiwa, bila kusubiri mkopaji ashindwe kwanza, na ndiyo maana hesabu hii si ya darasani peke yake bali huingia katika taarifa za fedha za benki za Nairobi na Dar es Salaam.

Swali ambalo hasara inayotarajiwa hailijibu ni hili: hasara halisi inaweza kutofautiana na wastani huo kwa kiasi gani? Kwa mkopo uleule wa milioni 100, iwapo sehemu isiyorejeshwa inachukuliwa kuwa asilimia 40 bila kubadilika, mkengeuko sanifu wa hasara, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ni shilingi milioni 5.6, ambayo ni mara saba ya hasara inayotarajiwa. Mtawanyiko huu huitwa hasara isiyotarajiwa, na kinga yake ni mtaji wa wenye benki, kwa kuwa riba pekee haiwezi kuibeba. Makubaliano ya Basel ya mwaka 1988, ya kamati ya kimataifa ya wasimamizi wa benki, yaliweka msingi huo kwa kuzitaka benki ziwe na mtaji usiopungua asilimia 8 ya mali zilizopimwa kwa uzito wa vihatarishi vyake. Mtahiniwa anapaswa pia kukumbuka kwamba hasara zinazotarajiwa za mikopo mbalimbali hujumlishwa moja kwa moja, lakini hasara zisizotarajiwa hutegemea kama wakopaji huanguka pamoja au kila mmoja kwa wakati wake, kiasi kwamba benki iliyokopesha wakulima wa zao moja katika eneo moja haina usalama sawa na iliyosambaza mikopo yake katika sekta nyingi.

Upande wa soko, kipimo kilichoenea zaidi ni thamani iliyo hatarini, maarufu kama VaR, ambacho kilipata umaarufu mwaka 1994 benki ya J.P. Morgan ilipotangaza hadharani mbinu zake za ukokotoaji, kisha Kamati ya Basel ikaruhusu mwaka 1996 kitumike katika kukadiria mtaji. Chukulia mfuko wa uwekezaji wenye thamani ya shilingi milioni 500, ambao bei zake hutawanyika kwa mkengeuko sanifu wa asilimia 1 kwa siku; kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 99, na kwa kudhani mtawanyiko wa kawaida, VaR ya siku moja ni milioni 500 mara asilimia 1 mara 2.33, yaani shilingi milioni 11.65. Maana yake ni kwamba katika siku 99 kati ya 100 hasara haitarajiwi kuzidi kiasi hicho. Kwa kipindi cha siku kumi, kiasi hicho huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani 3.16, na kufikia takriban milioni 36.8, ingawa ukokotoaji huu hudhani kwamba mabadiliko ya siku moja hayahusiani na ya siku inayofuata.

Kosa kubwa la mwanafunzi ni kuichukulia VaR kama hasara ya juu kabisa. VaR huonyesha mahali ambapo hasara mbaya huanzia, wala haisemi lolote kuhusu ukubwa wake katika ile siku moja kati ya mia. Ndiyo sababu Kamati ya Basel, baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, iliamua kuhamia kipimo cha wastani wa hasara zote zinazopita mpaka huo, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 97.5. Aidha, utabiri wa VaR hulinganishwa na matokeo halisi ya siku 250 za biashara: kwa kiwango cha asilimia 99, siku mbili au tatu za kuvuka mpaka ni za kawaida, siku tano hadi tisa huibua mashaka, na siku kumi au zaidi huonyesha kwamba kielelezo chenyewe kina kasoro.

Vitabu hutenganisha vihatarishi hivi viwili kwa sura, lakini katika biashara hukutana. Silicon Valley Bank ya Marekani, iliyofungwa tarehe 10 Machi 2023, ilikuwa na hatifungani nyingi za muda mrefu za serikali na nyingine zilizodhaminiwa na taasisi zake, ambazo hazikuwa na shaka kubwa ya kutolipwa. Hata hivyo riba zilipopanda, bei za hatifungani hizo zilishuka, benki ikauza sehemu yake na kutangaza hasara ya takriban dola bilioni 1.8, na siku iliyofuata tangazo hilo wateja wakaomba kutoa dola bilioni 42. Mali salama kwa kipimo cha mikopo ikawa mzigo kwa kipimo cha soko.

Kinyume chake pia hutokea. Shilingi ya Kenya, iliyokuwa takriban 113 kwa dola mwishoni mwa mwaka 2021, ilipita 160 mwanzoni mwa mwaka 2024 kabla ya kuimarika tena. Kampuni iliyokopa dola huku ikiuza bidhaa zake kwa shilingi hulazimika, katika hali kama hiyo, kutafuta shilingi nyingi zaidi kulipa deni lilelile, na hivyo badiliko la soko hupandisha uwezekano wa mkopaji kushindwa. Afisa anayepima mkopo wa namna hiyo kwa kuangalia historia ya malipo ya mteja peke yake ameacha nje sababu iliyo kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo maandalizi mazuri huanza kwa kuelewa dhana, hufuatiwa na kukokotoa mifano kwa mkono hadi kila tarakimu ijulikane ilikotoka, kisha maswali ya majaribio yafanywe kwa kufuata muda wa mtihani wenyewe. Kila kanuni iandikwe pamoja na mambo matatu: swali linalojibiwa, dhana inayochukuliwa kuwa kweli, na hali ambayo inaifanya kanuni ishindwe. Mtahiniwa akizoea nidhamu hiyo ataifikisha hadi kazini, na huko ndiko inakohitajika zaidi, kwa sababu nyuma ya kila makadirio ya hasara kuna amana za watu walioiamini benki, na watu hao wanastahili kulindwa na mtaalamu anayejua kipimo chake kinaishia wapi.