Simu yako inapiga picha safi. Kwa nini basi wapiga picha wa habari wanapewa tuzo?

Msikilizaji wetu mmoja wa Nyamwaga alituma ujumbe kwenye kipindi cha jioni. Aliuliza, kama simu yake inapiga picha safi, mpiga picha wa habari anapewa tuzo kwa lipi? Muda wa hewani haukutosha, kwa hiyo ndugu msikilizaji, jibu kamili hili hapa.

Aliyekulia Dar es Salaam

Tuanze na Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi, na mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapo hapo Dar. Picha zake za mauaji ya Waziri Tom Mboya wa Kenya, mwaka 1969, zilimpatia tuzo Uingereza.

Kazi iliyomtambulisha duniani ilikuwa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mwezi Oktoba 1984. Watu walikuwa wanakufa kwa njaa kwa miezi mingi, na habari zilikuwa zimeandikwa, lakini dunia haikushtuka. Amin akaenda na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk. Picha zilirushwa Oktoba 23, kisha mamia ya vituo vya televisheni yakazichukua. Misaada ikaanza kumiminika. Julai 13, 1985, matamasha makubwa ya Live Aid yalifanyika London na Philadelphia kuwachangia wenye njaa.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alifungwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Majaji wanatazama nini?

Katika shindano la World Press Photo, lililoanza mwaka 1955, majaji huzitazama picha bila kujua nani kazipiga. Hairuhusiwi kuongeza wala kufuta kitu ndani ya picha. Maelezo yake lazima yawe ya kweli: nani, wapi, lini, kumetokea nini. Kumbe tuzo haitolewi kwa ubora wa kamera peke yake. Mpiga picha lazima awe alifika mahali penyewe, na alichoonyesha kiwe kweli.

Ng'ambo ya Sirari

Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha. Boniface Mwangi alipiga picha katikati ya vurugu hizo, na mwaka 2008 akatunukiwa katika tuzo za wanahabari wa Afrika za CNN. Hakuishia hapo. Alianzisha maonyesho ya Picha Mtaani, picha zikabandikwa barabarani ili wananchi wajionee walichofanyiana, wasirudie.

Na sisi wenye simu?

Niseme ukweli wangu. Niliwahi kusambaza kwenye kundi picha ya basi lililopinduka, nikiamini ni ajali ya siku ile. Kumbe ilikuwa ya miaka iliyopita, tena ya mkoa mwingine. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa safarini hakulala usiku ule. Picha haikuwa ya uongo. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa ya uongo, na niliyeyapeleka ni mimi.

Wakati mwingine hata picha ya kweli kabisa inaumiza. Msimu wa ukeketaji, mabinti hukimbilia nyumba salama, kama zile za Masanga na Mugumu. Ukimpiga picha binti aliyekimbia na sura yake ikaonekana, unaweza kuwaonyesha wanaomtafuta mahali alipo.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: picha hii ni ya lini na ya wapi? Aliyemo amekubali? Ikimfikia mama yake, itamsaidia au itamuumiza? Na ukiona daraja limekatika au zahanati haina dawa, piga picha, andika tarehe na jina la kijiji, ututumie. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Amin, na simu yako inaiweza.